Ulimwengu Unaopigiwa Kura

Februari 2013, kampuni ya Jagex yenye makao mjini Cambridge, Uingereza, iliwauliza wateja wake swali ambalo kampuni za michezo ya kompyuta hazina desturi ya kuliuliza. Je, mnataka tuwarudishie mchezo wetu kama ulivyokuwa mwaka 2007? Mchezo wenyewe ni RuneScape, ulimwengu wa kubuni wa mashujaa, majoka na wachawi, ambao watu wamekuwa wakiuingia kwa njia ya intaneti tangu Januari 2001. Kwenye kumbukumbu za kampuni ilikuwepo nakala rudufu ya tarehe 10 Agosti 2007. Karibu watu 450,000 walipiga kura. Tarehe 22 ya mwezi huohuo seva za Old School RuneScape zikafunguliwa.

Kwa mtu wa nje jambo hili halieleweki kirahisi. Kampuni ilikuwa imetumia zaidi ya miaka mitano kuongeza nchi mpya, silaha mpya, hadithi mpya na michoro mizuri zaidi. Sasa maelfu kwa maelfu ya wateja wanasema: vitoeni vyote, turudishieni kile cha zamani chenye michoro ya pembepembe. Wako waliosema ni kutamani ujana tu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu miaka zaidi ya 12 imepita tangu kura ile na toleo la zamani ndilo lililokua hadi kuwa na wachezaji wengi kuliko lile jipya. Tena halikukua kwa kubaki vilevile. Limebadilishwa karibu kila wiki. Kinachotofautiana ni namna ya kubadilisha, na nani anayeulizwa kwanza.

Ili kulielewa hilo, ni lazima kwanza kujua mtu anafanya nini ndani ya RuneScape. Anakata miti. Anavua samaki, anachimba madini, anafua vyuma, anapika, anapigana na mazimwi. Kila kazi ni stadi yenye ngazi zake, kuanzia ya kwanza hadi ya 99. Kuifikia ngazi ya 99 katika stadi moja kunahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu, na ngazi zimepangwa kwa namna ambayo mtu akifika ya 92 ndiyo kwanza amefika nusu ya njia. Ni mamia ya saa kwa baadhi ya stadi, na stadi ziko zaidi ya 20. Mchezaji wa miaka kumi ameweka humo sehemu kubwa ya maisha yake, kidogo kidogo, usiku baada ya kazi au mchana wa Jumapili. Mhandisi wa Cambridge akibadilisha namba moja kwenye programu, anaweza kuwa amegusa kazi ya mwaka mzima ya mtu asiyemjua.

Andrew Gower, aliyeanzisha mchezo huu akisaidiwa na nduguye Paul, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyevutiwa na ile michezo ya zamani ya maandishi matupu, ambamo wachezaji wengi walikutana katika ulimwengu mmoja bila kuona picha hata moja. Yeye alitaka picha, na alitaka uchezwe ndani ya kivinjari cha kawaida bila kununua diski wala kuwa na kompyuta ya gharama. Uamuzi huo wa kiufundi ndio uliowaleta watoto wa shule wa nchi nyingi, wakicheza kwenye kompyuta za maktaba. Ndio pia uliofanya masasisho yawe mepesi. Programu ilikuwa inapakuliwa upya kila mtu anapoingia, kwa hiyo kampuni haikuhitaji kumsubiri mteja anunue toleo jingine. Siku ya sasisho, saa ndogo ilianza kuhesabu kurudi nyuma pembeni mwa skrini, wote wakatolewa, na walipoingia tena wakakuta pango ambalo jana halikuwepo. Mwaka 2004 mchezo wote uliandikwa upya kwa michoro bora. Kuanzia hapo kasi ya masasisho ikawa ya kila wiki, au karibu na hapo.

Kuandika jipya juu ya la zamani kuna hatari zake. Mwishoni mwa Mei 2006 iliongezwa stadi ya ujenzi, iliyomwezesha mchezaji kuwa na nyumba yake na hata kuweka ulingo wa kupigania ndani yake. Siku chache baadaye, mchezaji wa kwanza kufika ngazi ya 99 katika stadi hiyo alifanya sherehe nyumbani kwake. Umati ulikuwa mkubwa, mwenye nyumba akawatoa wageni wote kwa mpigo, na hitilafu iliyojificha ikajitokeza: baadhi ya waliokuwa ulingoni walitoka nje wakiwa bado na ruhusa ya kushambulia wengine, hata mahali ambapo mapigano kati ya wachezaji hayaruhusiwi. Katika mji wa Falador watu waliokuwa wamesimama kwa amani, na mali zao mwilini, wakauawa mmoja baada ya mwingine na wasiweze kujibu. Kampuni iliziba mwanya huo na kumfungia daima mchezaji mmoja aliyeutumia. Tukio hilo bado linasimuliwa. Mtu aliyeandika ulingo hakugusa kabisa sheria za Falador, lakini ruhusa yake ilisafiri mpaka huko. Programu ya miaka mingi ina vyumba vingi vinavyopakana kuliko waandishi wake wanavyokumbuka.

Hitilafu husamehewa. Kinachochukua miaka kusamehewa ni uamuzi. Kuanzia Desemba 2007 Jagex iliondoa mambo mawili. Kwanza, mapigano huru katika Nyika, eneo la kaskazini ambako mchezaji aliruhusiwa kumuua mwenzake na kuchukua alichobeba. Pili, uhuru wa kupeana mali, kwani tangu hapo hukuweza kumpa mtu kitu cha thamani kubwa ukapokea kidogo. Sababu ilikuwa nzito. Kulikuwa na biashara haramu ya kuuza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, iliyoendeshwa kwa akaunti zilizolipiwa na kadi za benki za wizi. Mwenye kadi akigundua, benki inarudisha fedha na kampuni ndiyo inayobeba hasara. Jagex ilijiona imebanwa. Lakini hata kupeana kulikufa. Kaka hakuweza tena kumvika mdogo wake aliyejiunga jana. Wachezaji walijaa katika miji ya mchezo wakipaza sauti, na wengi wakafuta uanachama wao.

Haki ilirudi Februari 2011, baada ya kampuni kuitisha kura iliyopata zaidi ya kura milioni moja, asilimia 91 wakitaka yote mawili yarudi. Mchezo ulikuwa umebadilika kwa kauli ya wengi. Ingetazamiwa kwamba somo limeingia. Mwaka uliofuata, hata hivyo, likaletwa gurudumu la bahati nasibu ambalo mtu angeweza kulilipia fedha halisi ili alizungushe na kujipatia uzoefu bila jasho. Kisha, tarehe 20 Novemba 2012, mfumo wote wa mapigano ukang'olewa na kuwekwa mwingine.

Hapa pana mengi ya kueleza. Mapigano ya zamani yalikuwa ya kusubiri: unambonyeza adui, shujaa wako anapiga kwa mwendo uleule, nawe unaangalia afya yako na kula samaki ukizidiwa. Yalionekana ya kizamani mbele ya michezo mingine ya wakati huo, hasa World of Warcraft, ambako mchezaji ana safu ya vitufe vya mbinu mbalimbali. Wabunifu wakaleta safu hiyo. Kwa mtazamo wao walikuwa wanarekebisha upungufu, na nadhani katika karatasi walikuwa sahihi. Ila utulivu ule haukuwa upungufu kwa waliokuwa ndani. Watu walikuwa wanapiga soga huku wakipigana, wanasoma, wanasikiliza redio. Silaha walizozikusanya kwa miaka zikabadilika thamani kwa usiku mmoja, na ujuzi wao ukawa hauna kazi. Waliondoka kwa wingi. Mwaka 2014 kampuni iliongeza njia ya kupigana kwa mtindo wa zamani ndani ya toleo jipya, lakini kufikia wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Old School.

Nayo Old School ilizaliwa na tatizo lake. Nakala ya Agosti 2007 ilikuwa imekatwa mahali pabaya. Pango la God Wars, mojawapo ya maeneo yaliyopendwa kuliko yote, lilitoka mwishoni mwa mwezi uleule, wiki chache tu baada ya nakala kuhifadhiwa. Soko kuu la Grand Exchange, linalokutanisha wauzaji na wanunuzi hata wasipokuwepo kwa wakati mmoja, lilikuja Novemba. Vyote viwili havikuwemo. Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha, kisha watu wakayamaliza waliyoyakumbuka na idadi ikaanza kushuka. Walioomba kitu kisichobadilika wakagundua kwamba kisichobadilika kinachosha.

Timu ndogo iliyopewa kazi hiyo ikabuni utaratibu ambao nauona kuwa jambo la maana kuliko silaha yoyote waliyowahi kuitengeneza. Kila nyongeza inapigiwa kura ndani ya mchezo, kwenye vibanda vilivyowekwa ndani ya ulimwengu wenyewe. Wanachama wanaolipa ndio wapiga kura, na ili jambo lipite lilitakiwa kupata asilimia 75. Pango la God Wars likarudi Oktoba 2013. Grand Exchange ilichukua muda zaidi, kwa kuwa wengi walihofia itaua ile hali ya kusimama nje ya benki ukinadi samaki wako kwa sauti, na ilikuja mwaka 2015. Baadaye yakaja mambo ambayo mchezo wa 2007 haukuwahi kuyaota: bara la Zeah mwaka 2016, mapambano ya kikundi ya Chambers of Xeric mwaka 2017, na tarehe 30 Oktoba 2018 mchezo ukaingia kwenye simu za mkononi, akaunti ileile na ulimwengu uleule wa kwenye kompyuta. Kwa mchezaji wa Nairobi au Mwanza, ambaye intaneti yake ni simu kabla ya kitu kingine chochote, sasisho hilo la mwisho lilifungua mlango kuliko yote yaliyotangulia.

Asilimia 75 ni nyingi mno. Bunge gani lingefanya kazi kwa kiwango hicho? Stadi mpya iitwayo Artisan ilikataliwa mwaka 2014. Ya ubaharia ikakataliwa mwaka 2015. Mwaka 2019 ikaja Warding, ya kutengeneza mavazi ya kichawi, ikaungwa mkono na karibu theluthi mbili ya wapiga kura, ikaanguka. Wabunifu walikuwa wametumia miezi kuichora. Nawahurumia, na bado naona kiwango kile kilijenga kitu ambacho pesa hainunui. Mchezaji aliamka siku ya sasisho bila hofu. Mwaka 2022 kiwango kilishushwa hadi asilimia 70, na kuna marekebisho ambayo hayapigiwi kura kabisa, yale ya kulinda usawa wa mchezo. Hilo ni sawa kwangu. Wapo wapiga kura waliokuwa wakipinga jambo lolote lenye manufaa kwa wanaopigana Nyikani, kwa chuki tu, na hakuna utaratibu wa kura usio na watu wa namna hiyo.

Mfano wa marekebisho ya usawa ni bomba la kupulizia mishale lililotoka Januari 2015 pamoja na nyoka mkubwa aitwaye Zulrah. Silaha hiyo ilikuwa ya kasi na yenye nguvu kupita bei yake. Matokeo yake hayakuonekana mara moja. Kila silaha mpya ya mishale iliyobuniwa baadaye ilikuwa na chaguo mbili: iwe na nguvu zaidi ya bomba, na hivyo kuyafanya mazimwi yote ya zamani kuwa mteremko, au iwe dhaifu kuliko bomba na isiguswe na mtu. Kwa miaka sita kosa moja la hesabu liliwafunga wabunifu mikono. Mwaka 2021 nguvu zake zikapunguzwa. Walionunua bomba hilo walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tangu hapo pinde nyingine zimepata nafasi ya kuwa na maana.

Na kuna makosa ambayo yanaachwa kwa makusudi. Seva za mchezo huu hufikiri kwa mapigo, mara moja kila baada ya sekunde 0.6. Katikati ya pigo moja na jingine, hakuna linalotokea. Mpangilio huo ulikuwa wa kuhudumia mitandao ya polepole ya mwanzoni mwa karne, na hadi leo unamsaidia anayecheza akiwa mbali sana na seva, kwani kuchelewa kwa robo ya sekunde hakumwangushi. Wachezaji waligundua kwamba sala za kujikinga, ambazo kwa kawaida hula akiba, hazili chochote ukizizima na kuziwasha tena ndani ya pigo moja. Hakuna mbunifu aliyekusudia hilo. Lakini kulijua barabara kunahitaji mkono mwepesi na masikio yanayohesabu mapigo, na mabingwa walilifanya kuwa sanaa. Wahandisi wangeweza kulifuta kwa alasiri moja. Hawakulifuta, na mapambano magumu ya miaka ya karibuni yamebuniwa kwa kujua kwamba mbinu hiyo ipo.

Uchumi nao una kuta zake. Rundo moja la sarafu haliwezi kupita 2,147,483,647, kwa sababu hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ambayo programu imeitengea. Katika RuneScape yenyewe, kofia za karatasi zilizogawiwa bure Krismasi ya 2001 ziliendelea kupanda bei mpaka zikaupita ukuta huo. Old School iliongeza vipande vya platinamu, kila kimoja sawa na sarafu 1,000. Desemba 2021 ikaanzishwa kodi ya asilimia moja kwenye mauzo ya Grand Exchange, iliyokuja kuongezwa maradufu, na sehemu ya makusanyo hutumika kununua vitu sokoni na kuviteketeza ili visizagae na kushuka thamani.

Kwa watu fulani hesabu hizi zilikuwa ugali. Kuanzia mwaka 2017, fedha ya Venezuela ilipokuwa inayeyuka, vijana wa nchi hiyo walikaa kwa zamu ndefu wakiwaua majoka ya kijani Nyikani na kuuza dhahabu kwa dola. Sheria za mchezo zinakataza, na akaunti zao zilifungwa kila siku. Wachezaji wengine waliwachukia, hata wakawa wanawawinda. Mimi nikifikiria orodha ya vitu anavyodondosha joka la kijani, mifupa na ngozi, na kwamba mbunifu akiipunguza kidogo kuna nyumba mjini Maracaibo ambamo chakula cha usiku kinapungua, nashindwa kuita masasisho hayo mchezo wa watoto.

Je, si salama zaidi kuacha kila kitu kilivyo? Jaribio hilo lilifanyika. Jagex iliendelea kuhifadhi toleo la mwanzo kabisa, RuneScape Classic, bila kulisasisha. Waaminifu wachache walibaki humo. Roboti zikajaa, hitilafu zikaongezeka, na vifaa vipya vya kampuni havikuweza tena kulishika. Tarehe 6 Agosti 2018 likafungwa.

Kampuni nyingine zilichagua njia nyingine. Square Enix ya Japani ilipoona Final Fantasy XIV ya mwaka 2010 imeshindwa, mkuu mpya wa mchezo huo, Naoki Yoshida, aliamua kuangusha mwezi juu ya ulimwengu ule mbele ya macho ya wachezaji, kisha akaujenga upya mwaka 2013. Blizzard iligeuza nchi za World of Warcraft kwa moto na mafuriko mwaka 2010, na mwaka 2019 ikalazimika kufungua seva za toleo la kale kwa ajili ya waliozililia. Jagex yenyewe, katika toleo lake jipya, ilipigana vita vya miungu mlangoni mwa mji wa Lumbridge mwaka 2013 na kuacha shimo kubwa ardhini. Kishujaa, ndiyo. Ila mchezaji wa Old School anayepita hapo hukuta nyasi, na mto, na ngome aliyoikuta alipokuwa na miaka 12.

Ubaharia, ule uliokataliwa mwaka 2015, ndio ulionifanya niamini kwamba utaratibu huu unaweza hata mambo makubwa. Mwaka 2023 wachezaji walipewa stadi tatu za kuchagua, nao wakachagua huohuo waliokuwa wameufanyia mzaha kwa miaka. Kazi haikuwa ndogo. Ndani ya mchezo bahari ilikuwa rangi ya buluu tu, pambo la pembeni. Programu ilijua vitu vinavyosimama juu ya vigae vya ardhi. Haikujua ardhi inayotembea ikiwa imebeba watu. Wahandisi walilazimika kuifundisha kwamba kipande cha ulimwengu kinaweza kuondoka mahali pake na bado kila aliye juu yake aendelee kutembea, kupigana na kuvua. Kwa zaidi ya miaka miwili walionyesha michoro, wakaita maoni, wakafungua majaribio kwa umma, wakabadilisha walichoambiwa hakifai.

Stadi hiyo ilifika tarehe 19 Novemba 2025, ya 24 katika Old School na mpya kabisa ya kwanza tangu seva zifunguliwe. Mtu huanza na chelezo, kisha hujenga vyombo vikubwa zaidi, hubeba mizigo kati ya bandari, huopoa mabaki ya meli zilizozama na kuchora ramani za maji na visiwa visivyokuwemo humo zamani. Wapo waliopiga kura ya hapana na ambao hawajapanda chombo hata leo. Miti yao iko palepale, na ngazi zao hazikuguswa.